Kupima DNA kufuata jina la ukoo nchini Uganda: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wazee wa ukoo wetu hapa Bombo walinikabidhi daftari la nasaba, wakaniongezea na kazi ya kuwashawishi watu wapime DNA. Tangu siku hiyo siendi msibani wala harusini bila kuvutwa pembeni. Maswali ni yale yale, aulize Mnubi wa Bombo, Mswahili wa Kibuli, Muganda wa Masaka au Mwacholi wa Gulu. Nimeyajibu hapa ili nipate kula pilau yangu kwa utulivu.

Mimi na mtu fulani tuna jina moja la ukoo. DNA itatuambia kama ni ndugu?

Inaweza, ila lianze kuulizwa jina lenyewe: lilitoka wapi?

Mtindo wa kukusanya watu wenye jina moja na kuwapima ulianzia Ulaya na Marekani. Kule jina hutoka kwa baba likaenda kwa mwana, karne baada ya karne, na kromosomu Y (sehemu ya DNA waliyo nayo wanaume tu) nayo hupita njia hiyo hiyo. Mwaka 2000 huko Uingereza yalichapishwa matokeo ya wanaume wenye jina Sykes, na karibu nusu yao walikuwa na Y ya aina moja, dalili kwamba babu yao wa zamani alikuwa mmoja. Wengi wenye jina hilo walikuwa hawajuani kabisa.

Majina yetu hayatembei hivyo. Kato ni pacha wa pili wa kiume, kwa Waganda na kwa Wanyoro pia, kwa hiyo kila nyumba iliyojaliwa mapacha inaweza kuwa na Kato wake. Okello ni mvulana aliyezaliwa baada ya mapacha, na utamkuta Acholi, Lango, na hata ng'ambo ya mpaka kwa Wajaluo wa Kenya. Okot alizaliwa mvua ikinyesha. Ukikusanya kina Okello mia moja ukawapima, utakachothibitisha ni kwamba mapacha huzaliwa kila mahali.

Kwa Wanyankole na Wakiga kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe. Baba ni Byaruhanga, kifungua mimba ni Tumusiime, mdogo wake Mugisha: majina matatu chini ya paa moja na damu ni ile ile. Kwetu sisi Waislamu, Ramadhan Juma humzaa Musa Ramadhan, naye Musa humzaa Juma Musa. Jina la mwisho hubadilika kila kizazi mpaka siku karani wa shule alipoligandisha kwenye fomu. Kuna familia ninazozijua ambazo "jina la ukoo" lao lina umri wa cheti cha darasa la saba.

Na empaako za Bunyoro na Tooro (Akiiki, Amooti, Abwooli na wenzake) zisikuchanganye. Ni majina ya heshima na mapenzi, yako kama kumi na mawili tu, na UNESCO iliuorodhesha utamaduni huo mwaka 2013. Kuwa Ateenyi pamoja na mtu hakukufanyi kuwa ndugu yake.

Basi nifuate nini kama si jina?

Fuata mlango wa baba, yaani mstari wa baba, babu, baba wa babu na kuendelea. Huku unaopimwa ni mlango, jina ni kibandiko tu.

Buganda ndiyo mfano mzuri zaidi. Mtoto hufuata kika, yaani ukoo, cha baba yake, na kika kina mwiko wake, kiumbe kinachokiwakilisha: Ffumbe, Lugave, Mmamba, Nkima, Nsenene na kadhalika. Chini ya kika kuna ssiga, chini yake mutuba, kisha lunyiriri, hadi kufika uani kwa babu yako. Kila kika kina hazina yake ya majina, na mkuu wake ana jina la cheo linalorithiwa: wa Ffumbe ni Walusimbi, wa Nkima ni Mugema, wa Mmamba ni Gabunga. Muganda aliyelelewa vizuri anaweza kusimama mbele ya wakwe siku ya kwanjula, yaani utambulisho kwa wakwe, akataja baba, babu, mutuba na ssiga bila kusita. Huo ni mti wa ukoo uliokwisha kuandikwa kichwani, na njia yake ni njia ya Y. Mzungu anayehangaika na daftari za kanisa angetuonea wivu.

Kwa hiyo kwa hesabu ya kitabuni, wanaume wote wa kika kimoja wangekuwa na Y moja. Kwa hali halisi hawana, na sababu hazina aibu yoyote. Wahamiaji kutoka Rwanda na Burundi waliokuja kufanya kazi Buganda wakati wa ukoloni, wengi wao walipokelewa katika koo za wenyeji. Mateka wa vita vya zamani walilelewa kama watoto wa nyumba. Mtoto asiyejulikana baba alipewa kika cha babu mzaa mama. Wote hao ni wanaukoo kamili, wana kaburi lao kwenye butaka, ardhi ya ukoo.

Familia ya kifalme ndiyo kinyume cha mambo. Kabaka hufuata kika cha mama yake. Mwiko unaweza kubadilika kila utawala, hali damu ya kiume inaendelea kutoka kwa mfalme hadi mfalme. Anayedai ni mjukuu wa Kabaka fulani, kisha akatafuta ushahidi kwa kulinganisha miiko, atapotea njia mapema sana.

Je, kuna ukoo wa Kiafrika uliowahi kupimwa hivi ukatoa jibu? Upo. Walemba wa Afrika Kusini na Zimbabwe walisimulia siku zote kwamba mababu zao wa kiume walitoka kaskazini ng'ambo ya bahari. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2000 yalionyesha kwamba katika mbari yao ya Buba, karibu nusu ya wanaume walibeba aina ya Y inayoonekana sana kwa makuhani wa Kiyahudi. Ukichukua Walemba wote kwa jumla, kiwango kilishuka hadi chini ya mmoja kati ya kumi. Ona hapo: habari ilikuwa kwenye mbari. Anayepima "Walemba" kwa jumla angeikosa.

Kuna vipimo vingapi, na kipi ni changu?

Vitatu, na kosa la kuchagua ni ghali. Najua, kwa sababu mimi mwenyewe niliagiza kisichofaa kwa wazee wawili. Nilikuwa nataka kujua kama babu zao wa tano walikuwa ndugu, nikanunua kipimo cha damu ya pande zote. Matokeo yalirudi: hawalingani. Wazee walinuniana mwezi mzima, kumbe kosa lilikuwa langu.

Cha kwanza ni Y, cha wanaume peke yao, kinachofuata baba wa baba wa baba. Hiki ndicho cha jina na cha kika.

Cha pili ni mitokondria, ambayo mama huwapa watoto wake wote lakini ni binti tu anayeipitisha mbele. Kinafuata mama wa mama wa mama. Hubadilika polepole mno, kwa hiyo watu wawili wanaweza kulingana kabisa na mama yao wa pamoja akawa ameishi miaka elfu kadhaa iliyopita.

Cha tatu ndicho kinachotangazwa sana, kinachochukua damu ya pande zote. Kinafaa kwa undugu wa karibu. Ndugu wa baba na mama mmoja hushiriki karibu asilimia 50. Wanaokutana kwa babu hushiriki karibu 12.5. Wanaokutana kwa baba wa babu karibu 3. Wanaokutana kwa babu wa babu hawafikii 1, na kati yao jozi moja katika kila kumi hivi haionyeshi chochote cha pamoja ingawa undugu wao ni wa kweli. Wazee wangu wawili walikuwa mbali zaidi ya hapo. Sifuri yao haikuwa na maana yoyote.

Mimi ni mwanamke. Nimeachwa nje?

Huna Y, lakini ukoo una wanaume. Mwombe baba, kaka, baba mkubwa, baba mdogo, au mtoto wa kiume wa kaka yako. Yeyote kati yao anabeba Y ile ile ya babu yako. Mjomba hafai kwa kazi hii, ni wa mlango mwingine. Na kwa uzoefu wangu, shangazi ndiye anayejua nani apimwe na nani aachwe, kabla hata ya maabara.

Tuna pesa za watu wawili tu. Tupime nani?

Msipime mtu na kaka yake. Tafuteni wanaume wawili waliotengana mbali iwezekanavyo ndani ya mlango mnaoudai, tuseme mmoja anatoka kwa mke wa kwanza wa babu yenu wa nne na mwingine kwa mke wa tatu, au mmoja yuko Bombo na mwingine ni wa tawi lililohamia Arua. Wakilingana, mmethibitisha wote walio katikati kwa gharama ya watu wawili.

Kama kuna mzee mwenye miaka 85, aanze yeye. Yuko kizazi kimoja au viwili karibu zaidi na mnayemtafuta, na hakuna haja ya kutaja sababu nyingine.

Matokeo ya Y yamerudi. Tunayasomaje?

Kuna vitu viwili mle. Kimoja ni haplogrupu, yaani tawi kubwa la mti wa wanaume wote duniani. Kingine ni alama, tarakimu zinazohesabu mara ngapi kipande kidogo cha DNA kimejirudia.

Haplogrupu ni nzuri kwa kukanusha. Mmoja akiwa E-M2 na mwingine A-M13, ambayo huonekana sana kwa Waniloti wa Sudan Kusini, basi babu yao wa pamoja wa kiume aliishi zaidi ya miaka laki moja nyuma. Hapo hadithi ya "ndugu wawili waliovuka mto" imekwisha, angalau kwa upande wa damu. Lakini mkipata wote E-M2, msichinje mbuzi bado. E-M2 ilitapakaa pamoja na Wabantu, na wanaume wanaoibeba ni mamilioni, kutoka Kamerun hadi Natal. Ni kama kusema nyote wawili mlizaliwa mvua ikinyesha.

Cha kuangalia baada ya hapo ni alama. Alama 12 ni chache mno, msizitegemee. Kwa alama 37, kampuni ya FamilyTreeDNA ya Houston huwahesabu watu kuwa wanalingana wakitofautiana kwa hatua zisizozidi 4, na wakilingana zote 37 undugu wa vizazi vichache unawezekana sana. Mkitaka kujua tawi lipi lilitangulia kujitenga, kuna kipimo kipana kinachosoma sehemu kubwa ya Y, ambacho kwa wastani huonyesha badiliko jipya moja kila vizazi viwili au vitatu. Ni ghali. Mpimeni mtu mmoja kila tawi, basi.

Nimeambiwa mimi ni asilimia kadhaa za nchi ambayo sijawahi kukanyaga. Nini hiki?

Ni makisio. Kampuni inakulinganisha na watu iliowahi kuwapima, halafu inatumia majina ya nchi za leo kwa damu iliyokuwapo kabla ya mpaka wowote. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti wa vinasaba vya watu 6,400 kutoka vijiji vya Kyamulibwa, wilaya ya Kalungu, na hata hapo kijijini ilionekana mchanganyiko wa asili nyingi, ya mbali na ya karibu. Kwa swali la jina la ukoo, ukurasa wa asilimia ruka tu.

Sisi ni Wanubi. Je, DNA itatuonyesha kabila letu la asili?

Swali hili hunigusa, kwa kuwa ni la nyumbani.

Wazee wetu waliingia Uganda mwaka 1891 na Lugard, kapteni Mwingereza, wakitoka Kavalli karibu na Ziwa Albert. Walikuwa askari wa Emin Pasha, gavana wa Ekwatoria huko Sudan ya kusini, na wake zao na watoto na watumishi. Walikuwa mchanganyiko wa watu wa Sudan ya kusini na jirani zake, na wengine wakajiunga humu humu Uganda. Kilichowafanya watu wamoja ni Uislamu, jeshi na Kinubi. Wakati wa maasi ya 1897 walikuwa tayari wanajulikana kwa jina moja.

Kwa hiyo usitarajie "Y ya Kinubi". Wanaume wawili wanaosali safu moja, wenye majina ya babu yanayofanana, wanaweza kuwa na Y zilizoachana zamani sana bila mmoja kusema uongo. Kipimo kinaweza kukuonyesha wanaume wa kabila fulani walio karibu na mlango wako, na kwa wengine wetu hiyo ni furaha kubwa. Lakini babu alipoacha kutaja kabila lake alikuwa na sababu zake, na katika daftari langu nimeziacha nafasi hizo wazi.

Waswahili wa Kibuli na Mengo waliotoka pwani wana bahati ya utafiti mwingine. Mwaka 2023 ilichapishwa DNA ya watu 80 waliozikwa zamani, wengi wao katika miji ya Waswahili ya Kenya na Tanzania. Ilionekana kwamba kuanzia karibu mwaka 1000 wanaume wenye asili ya Uajemi walichanganyika na wanawake wa Kiafrika. Ukiwa na hadithi ya Ushirazi nyumbani, Y na mitokondria yako zinaweza kusimulia mambo mawili tofauti, na zote zikawa kweli.

Vipi Wahindi wa Uganda?

Kwao majina mengi yanapita kutoka baba hadi mwana, kwa hiyo njia ya Ulaya inafaa zaidi. Tahadhari ni moja: Patel lilikuwa cheo cha kijijini kabla halijawa jina, na wenye cheo hicho walikuwa wengi. Tafuta kijiji cha Gujarat kwanza. Familia zilizotawanywa na agizo la Idi Amin la 1972 la kuwafukuza zina ndugu Uingereza na Kanada ambao pengine wamekwisha kupima.

Mwanangu anataka kuoa binti wa kika chetu. DNA ikionyesha hawahusiani, si wanaruhusiwa?

Hapana. Kumwona binti wa kika chako kuwa dada ni sheria ya ukoo, na haijawahi kungoja maabara. Wazee watakusikiliza kwa adabu, watakunywa chai yako, na jibu halitabadilika.

Tukigundua kwamba mtu si mtoto wa baba anayejulikana?

Itokee au isitokee, liamueni kabla ya kukusanya sampuli. Sisi tulikubaliana kwa maandishi: matokeo anaambiwa mwenye mate yaliyopimwa peke yake, na hayasomwi kikaoni bila ruhusa yake. Mmoja alikataa kupima baada ya kusikia hayo, na tulimshukuru.

Mwaka 2023 magazeti ya Kampala yalijaa habari za wanaume waliokimbilia kupima watoto, na takwimu za kutisha zikazungushwa. Kumbuka waliopima ni wale waliokwisha kushuku. Uchunguzi wa koo za Ubelgiji na jirani zake, ambao hawakuchaguliwa kwa shaka, uliona jambo hilo karibu mara moja katika kila watoto mia kwa kizazi. Ni kidogo, lakini katika vizazi kumi hujumlika hadi karibu mlango mmoja kati ya kumi, na kwa hiyo pengo la namna hiyo katika mlango mrefu si la kushangaza.

Tena pengo haliondoi urithi wa heshima. Siku ya okwabya olumbe, yaani kumaliza matanga, mrithi anavikwa na ukoo.

Naweza kupeleka matokeo haya mahakamani kudai shamba?

Usijaribu. Hakuna aliyeshuhudia mate yalitoka kinywani mwa nani. Kesi ya ubaba au mirathi ina utaratibu wake, maabara inayotambuliwa (ya serikali iko Wandegeya), na sampuli huchukuliwa mbele ya mashahidi.

Data zetu ziko salama?

Uganda ina Sheria ya Kulinda Data na Faragha ya 2019, na ridhaa ndiyo msingi wake. Lakini kampuni nyingi ziko ng'ambo. Mwaka 2023 wadukuzi walifikia taarifa za watu takriban milioni 6.9 wa 23andMe, kampuni ya Marekani ya kupima DNA, na Machi 2025 kampuni hiyo ikaomba kinga ya kufilisika. Tumia jina la kifupi, fungua barua pepe ya ukoo isiyo ya mtu binafsi, soma wapi pa kubonyeza ili sampuli iteketezwe. DNA yako ni ya ndugu zako pia, waliokubali na waliokataa.

Gharama na kutuma je?

Kipimo cha Y cha alama 37 hupita dola 100, na kile kipana ni mara kadhaa ya hapo. Uliza kwanza kama kampuni inatuma Uganda, kisha jumlisha gharama ya kurudisha, ambayo watu husahau. Mkichanga kama mnavyochangia harusi, haiumi sana.

Kwa wazee chagua kijiti cha pamba cha kusugua shavuni, si kichupa cha kutemea. Mzee mwenye sukari ana kinywa kikavu, na kujaza kichupa ni mateso. Asile wala asinywe chai kwa saa moja kabla, jambo ambalo ni rahisi kulisema. Andika jina kwenye bahasha palepale. Vijiti viwili visivyo na majina juu ya meza moja ni vita vya baadaye.

Tumepima, na hakuna anayelingana nasi duniani kote. Tumepoteza pesa?

Waafrika waliopima Y ni wachache, kwa hiyo ukurasa mtupu ni jambo la kawaida. Matokeo yabaki pale, anayelingana anaweza kujitokeza baada ya miaka mitatu.

Wakati mnangoja, fanyeni kazi ya makaratasi. Misheni za Kikatoliki zina madaftari ya ubatizo, na mapadre wa kwanza walifika Buganda mwaka 1879. Hati za mailo, yaani ardhi iliyogawiwa watu kufuatia Mkataba wa Buganda wa 1900, zinataja wenye ardhi kwa majina. Kwa wajukuu wa askari kuna orodha za King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza lililoundwa 1902. Na kuna makaburi. Hapa Bombo niliwahi kupata majina mawili ya kizazi cha nne kwenye jiwe ambalo mbuzi walikuwa wamelifanya kitanda, baada ya mwaka mzima wa kuyatafuta kwenye kompyuta.